Fedha za Kijana Anayeanza Tenisi ya Kulipwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kijana akishaingia tenisi ya kulipwa, umaskini kwaheri.

Tenisi haina mshahara. Mwanasoka akikaa benchi msimu mzima, mkataba wake unaendelea kumlipa. Wa tenisi akiteguka kifundo cha mguu, zawadi za uwanjani zinasimama siku hiyo hiyo.

Tena ngazi ya kuanzia iko chini mno. Mashindano ya wanaume ya M15, yaani ya ngazi ya chini kabisa ya kulipwa, yana zawadi ya jumla ya dola 15,000, na wanagawana wengi. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja huondoka na dola 2,160, kabla ya kodi. Linganisha na US Open ya 2024, moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi (Grand Slam), ambako aliyetolewa raundi ya kwanza tu alipata dola 100,000. Ni kama mataji 46 ya M15! Ndiyo maana kijana huyu anahangaikia pointi za kupanda orodha ya ubora kuliko fedha: ubingwa wa M15 humpa pointi 15, na bila pointi hapati nafasi kwenye mashindano yanayolipa vizuri.

Dhana: Aliyetamba kwenye tenisi ya vijana ameshafika.

Mashindano ya vijana ya Grand Slam hayatoi zawadi ya fedha. Sumit Nagal wa India alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wavulana wawili wawili mwaka 2015. Miaka minane baadaye, akiwa ndiye mchezaji bora wa kiume nchini mwake, alisema hadharani kuwa benki amebakiwa na euro 900 hivi. Naona alifanya jambo la maana sana kusema, kwa sababu wengi hunyamaza wakiogopa kuonekana wameshindwa. Januari 2024 alifuzu Australian Open, akamfunga Alexander Bublik raundi ya kwanza, na kwa ushindi huo akajihakikishia dola 180,000 za Australia. Mechi moja ikageuza hesabu zake zote.

Dhana: Kiasi kinachotangazwa ndicho kinachoingia mfukoni.

Nchi yenye mashindano kwa kawaida hukata kodi yake kwanza. Kisha kuna kocha, ambaye mara nyingi hulipwa ada na juu yake asilimia ya zawadi. Nauli na hoteli za wote wawili. Mtaalamu wa viungo. Nyuzi za raketi zinazokatika kila mara. Wengi wanaoanza husafiri bila kocha kabisa, na hilo linawagharimu uwanjani.

Dhana: Emma Raducanu alitajirika kwa bahati ya wiki tatu.

Mwaka 2021, akiwa na miaka 18, Mwingereza huyu alianzia hatua ya kufuzu US Open na kushinda mechi 10 bila kupoteza hata seti moja. Alipata dola milioni 2.5, na wadhamini wakafuata. Bahati haishindi seti 20 mfululizo. Kosa ni kumfanya yeye kipimo cha kila chipukizi.

Dhana: Siku hizi wachezaji wote wana kipato cha uhakika.

Mwaka 2024 ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, ilianza kuwahakikishia wachezaji bora 100 mapato ya dola 300,000 kwa mwaka, wa nafasi ya 101 hadi 175 dola 150,000, na wa 176 hadi 250 dola 75,000. Ni hatua nzuri, na ilichelewa. Lakini kijana anayehangaika kwenye M15 kwa kawaida yuko nje ya hao 250, kwa hiyo gharama bado anabeba mwenyewe na familia yake.