Msiba usio na matanga: R.E.M. na mashabiki waliobaki

Usiku wa Jumatano, tarehe 21 Septemba 2011, nilikuwa studio nikipanga nyimbo za kipindi changu simu ya mezani ilipolia. Msikilizaji, mwanamume wa makamo kwa sauti yake, hakunisalimu. "R.E.M. wamevunja bendi," akasema, kisha akanyamaza. Nikamwambia pole, kama unavyomwambia mtu aliyefiwa. Kwa desturi angejibu "nimeshapoa". Hakujibu. Nilisikia anashusha pumzi, na simu ikakatika.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni kuandaa vipindi vya muziki wa roki redioni. Nimetangaza kuvunjika kwa bendi nyingi na nimezoea simu zinazofuata: hasira, lawama, mtu anayetaka kujua nani kamkosea nani. Usiku ule simu zilikuwa za namna nyingine kabisa, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Kwa asiyewafahamu: R.E.M. walitoka Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani. Walipiga shoo yao ya kwanza tarehe 5 Aprili 1980 katika sherehe ya siku ya kuzaliwa, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Michael Stipe aliimba, Peter Buck alipiga gitaa, Mike Mills besi, Bill Berry dramu. Miaka 31, albamu 15. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, lakini hii ilivuma na ikadumu.

Mojawapo ya sababu naiona kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya kaseti zao. Chini ya majina ya nyimbo, watunzi ni Berry, Buck, Mills, Stipe, kwa mpangilio wa alfabeti, wimbo baada ya wimbo. Hata kama mmoja ndiye aliyekuja na wimbo karibu mzima, haki na pesa ziligawanywa sawa kwa wanne. Katika bendi nyingi nilizofuatilia, ufa wa kwanza huanzia hapo hapo, kwenye nani kaandika nini na nani kalipwa ngapi. Hawa waliuziba kabla haujaanza.

Ndiyo maana tangazo lao liliwaacha watu bila pa kushika. Lilikuwa fupi, limeelekezwa kwa mashabiki na marafiki. Mills alieleza kwamba hakuna ugomvi na hakuna mawakili, wameamua pamoja. Stipe alikumbusha kwamba ustadi wa kwenda kwenye sherehe ni kujua wakati wa kuondoka. Buck akasema ataendelea kuonana na mashabiki, hata kama ni kati ya rafu za santuri dukani, au nyuma kabisa ya ukumbi mdogo wakiwatazama vijana wa miaka 19 wanaojaribu kuibadili dunia. Nilipofika kwenye maneno hayo ya Buck koo lilinikaba, na dakika kumi baadaye nilitakiwa kuyasoma hewani.

Linganisha na Beatles, bendi ya Uingereza. Aprili 1970 Paul McCartney alitoa maelezo pamoja na albamu yake ya peke yake, dunia ikaelewa kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo akafungua kesi London kuvunja ubia wao. Mashabiki wakapata wa kumlaumu: wengine Paul, wengine mwenzake John Lennon, wengi mno wakamwangushia mzigo Yoko Ono, mke wa John. Ni lawama iliyodumu miaka na miaka, na sehemu kubwa ilikuwa dhuluma. Lakini lawama humpa mfiwa kazi ya kufanya. Anachagua upande, anabishana, na katika kubishana anasahau kwamba kinachomuuma ni kupoteza tu.

Wa R.E.M. hawakuwa na kazi hiyo. Uchungu wao ukaelekea kwenye jambo moja, nililisikia simu baada ya simu: mbona hatukuagwa? Hakukuwa na ziara ya mwisho. Albamu ya mwisho, Collapse into Now, ilitoka Machi 2011 na hawakuizungusha kwenye majukwaa. Ukirudi nyuma, shoo yao kamili ya mwisho ilikuwa Mexico City, tarehe 18 Novemba 2008. Maelfu waliokuwa ukumbini siku ile walirudi nyumbani wakidhani wametazama shoo kama nyingine. Tuna desturi ya kuvunja jungu: watu hukaa, wakala, wakacheka, wakijua kesho ni mwezi mwingine. Hawa jungu lao lilivunjwa nao hawajui.

Usiku ule ule watu wakaanza kuichunguza ile albamu upya. Mwanamke mmoja alinipigia na kuniambia nichukue ganda lake nilitazame. Nikalichukua. Watatu waliobaki baada ya Berry kutoka wako kwenye picha, na Stipe ameinua mkono, kiganja wazi. Miezi sita nilikuwa nalo juu ya meza nikiliona ganda tu. "Alikuwa anatuaga," akasema yule mama. Baadaye wenyewe walithibitisha katika mahojiano kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Maoni yangu, na najua wenzangu wengi wananipinga, ni kwamba kinachomuumiza shabiki hasa ni kutojua ipi ilikuwa mara ya mwisho. Bendi kufika mwisho, hilo analivumilia. Ziara ya kuaga ni matanga: ina tarehe, ina mahali, watu wanakutana wanalia pamoja kisha wanatawanyika. R.E.M. waliwanyima watu wao matanga, kwa nia njema kabisa, na kila mtu akabaki na msiba chumbani mwake. Wiki zile wasikilizaji wangu walijitengenezea matanga yao. Mmoja alizipiga albamu zote 15 kwa mfuatano, kuanzia Murmur ya 1983, moja kila usiku. Mwingine aliniomba nisipige wimbo wowote wa huzuni. Nikamkubalia.

Ila kuna kundi jingine, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Hawa walipiga simu watulivu kabisa. "Sisi tulishazika 1997," mmoja akaniambia.

Machi 1995, katika shoo mjini Lausanne, Uswisi, Bill Berry alipatwa na maumivu makali ya kichwa akiwa kwenye dramu. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ubongoni. Alipasuliwa, akapona, akarudi kazini. Oktoba 1997 akaaga na kwenda kulima shamba lake. Kwa miaka mingi wanne wale walikuwa wakisema kwamba mmoja akitoka, bendi imekwisha. Berry mwenyewe ndiye aliyewaomba waendelee. Alisema kama kutoka kwake kutaivunja bendi, basi hatoki. Wakaendelea. Stipe alisema mbwa wa miguu mitatu bado ni mbwa, atajifunza tu kukimbia kwa namna nyingine.

Waliozika 1997 hushikilia kwamba yaliyofuata hayakuwa R.E.M. Nimebishana nao hewani mara nyingi, kwa sababu naamini wanakosea. Sikilizeni Up ya 1998. Ni albamu ya watu watatu wanaotembea ndani ya nyumba yenye chumba kimoja kitupu. Pale ilipokuwa dramu ya Berry wameweka mashine na vinanda, na hawajajaribu kuficha pengo. Kwangu ni miongoni mwa kazi zao za kweli kuliko zote. Mtu akiniuliza aanzie wapi kuisikia bendi ikiomboleza, namtuma huko.

Kuna ajabu moja ambayo huwa nawasimulia hawa wa 1997. Wimbo ambao watu wengi hushika wakiwa na msiba, Everybody Hurts wa 1992, chanzo chake ni Berry, na mdundo unaoubeba ni wa mashine ya dramu ya bei poa. Mpiga dramu alituletea wimbo usiomhitaji akae kwenye dramu. Kijana mmoja alinieleza kwamba aliusikiliza kila usiku mwaka aliofeli mtihani wa kidato cha nne. Maneno yake ni mepesi makusudi, ili kijana wa umri ule ayashike mara moja.

Wasikilizaji wangu waliokulia kwenye muziki wa dansi walikuwa na swali jingine: sasa wanahamia bendi gani? Ni swali la haki. Wapigaji wa Simba Wanyika walipojitoa 1978 waliunda Les Wanyika, na shabiki wa Nairobi angeweza kulia mchana, jioni akavaa, akaenda kuwasikia watu wale wale chini ya jina jipya. Dansi limeishi kwa kugawanyika. Kwa R.E.M. hapakuwa na pa kuhamia. Mills na Buck waliendelea kupiga na watu wengine, lakini hakuna aliyechukua jina wala nyimbo kuzigeuza kuwa kitu kingine, na watatu wale walikataa kila walipoombwa kurudi.

Walikataa hadi tarehe 13 Juni 2024. Siku ile walikuwa New York kuingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, wote wanne, Berry akiwemo. Katika mahojiano ya televisheni waliulizwa ni nini kingewarudisha pamoja, Mills akajibu: nyota yenye mkia. Usiku wakapanda jukwaani. Buck akashika mandolini, ala aliyokuwa akijifunza nyumbani mbele ya televisheni siku alipoiangukia ile sauti ya mwanzo ya Losing My Religion. Wakaupiga huo, wimbo mmoja, wakashuka.

Asubuhi nikaiona video kwenye simu. Nikaitazama mara tatu, macho yangu kwa Berry. Kabla sijaanza ya nne ukaingia ujumbe kwenye namba ya kipindi, wenye video ile ile na sentensi mbili. Aliandika kwamba ndiye aliyenipigia usiku ule wa 2011 na kunikatia simu. Kisha: "Nimeshapoa."