Mafunzo endelevu ya mwalimu wa kompyuta: maana yake hasa

Andika ubaoni mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wa kwanza: a = 5. Wa pili: b = a. Wa tatu: a = 7. Kisha waulize wanafunzi wanaoanza: b sasa ni ngapi?

Usishangae ukijibiwa 7. Mtoto huyo si mzembe. Ametoka kipindi cha hisabati, na huko ukishaambiwa b ni sawa na a, zinabaki sawa mpaka swali liishe. Kwenye programu alama ileile ni amri: soma thamani iliyomo kwenye a sasa hivi, iweke kwenye b. Baada ya hapo a ibadilike itakavyo, b inabaki 5.

Mwalimu anayejua kuandika programu atasema jibu ni 5, na atakuwa sahihi. Mwalimu aliyejifunza kufundisha programu atajua pia ile 7 imetoka wapi, na somo lake litaanzia hapo. Mafunzo endelevu yapo ili kumtoa mwalimu pale alipo wa kwanza na kumfikisha alipo wa pili.

Nchini Tanzania jina rasmi la mafunzo haya ni MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Yanatofautishwa na mafunzo tarajali, yale ambayo mtu huyapata chuoni kabla hajaajiriwa. Kwangu mimi uzito uko kwenye maneno mawili, "endelevu" na "kazini": hayaishii kwenye cheti, na yanamfuata mwalimu mpaka kwenye vipindi vyake, kwa wanafunzi wake mwenyewe. Semina ya siku mbili inaweza kuwa mlango wa kuingilia, lakini kama baada yake hakuna anayeuliza darasani kumebadilika nini, mlango ulifunguliwa na hakuna aliyeingia.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alieleza jambo ambalo walimu wazoefu walikuwa wakilihisi siku zote. Kulijua somo ni kitu kimoja, kujua mbinu za ufundishaji kwa jumla ni kingine, na katikati yake kuna ujuzi wa tatu: kujua namna ya kulifundisha somo hili hasa. Mfano upi unaeleweka, wanafunzi hujikwaa wapi, na kwa nini hujikwaa palepale kila mwaka.

Chukua mfano wa kopo. Walimu wengi tunaeleza kwamba a ni kopo lenye jina, na 5 ni kitu kilichowekwa ndani. Ni mfano mzuri kwa kuanzia, ila una mtego. Mtoto akiambiwa b = a, anaona kitu kimetolewa kwenye kopo la a na kutiwa kwenye kopo la b, kwa hiyo a limebaki tupu. Mwingine anaamini kopo linaweza kubeba 5 na 7 kwa pamoja, maana makopo ya nyumbani kwao hubeba vitu vingi. Ukibadilisha kopo kuwa kibao cha chaki, mambo yananyooka: kibao kina nafasi ya namba moja tu, ukiandika mpya unafuta ya zamani, na kunakili kutoka kibao cha jirani hakukifuti cha jirani. Hili si jambo la kupatikana kwenye mwongozo wa Python. Hupatikana walimu wanapokaa pamoja na madaftari ya wanafunzi, wakayasoma makosa yao kwa makini.

Ndiyo maana naumia kidogo nikiona mafunzo ya mwalimu wa kompyuta yanachukuliwa kuwa ni kufundishwa kuwasha kifaa, kuandaa slaidi na kutuma barua pepe. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, kila mwalimu alihitaji kujua kuvitumia, na hilo lina manufaa makubwa. Lakini hayo ni matumizi ya TEHAMA, yanamhusu hata mwalimu wa historia. Sayansi ya kompyuta ina maudhui yake, na maudhui hayo yanaweza kufundishwa hata umeme ukikatika. Tim Bell, mwanasayansi wa kompyuta wa New Zealand, na wenzake walianza miaka ya 1990 kukusanya mazoezi ya namna hiyo. Moja linahitaji kadi tano tu za manila zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na kadi yake, na darasa linaamua nani aonyeshe nukta na nani ageuze kadi. Mkitaka 19, inaonyeshwa 16, 2 na 1. Andika 1 kwa kadi iliyo wazi na 0 kwa iliyogeuzwa: 10011. Kwa kadi hizo tano mnaweza kupata kila namba kuanzia 0 hadi 31, na hamjawasha mashine yoyote.

Kuna ugumu mmoja ambao somo hili linao kuliko mengine: upweke. Walimu wa Kiswahili shuleni wanaweza kuwa wanne, wa kompyuta mara nyingi ni mmoja. Jumuiya ya kujifunza ya ndani ya shule haimtoshi, kwa sababu hana wa kujadiliana naye kuhusu b iliyobaki 5. Huyu anahitaji wenzake wa shule jirani. Uingereza walilazimika kulitazama jambo hili baada ya mtaala mpya wa kompyuta kuanza kutumika Septemba 2014. Walimu wengi waliokuwa wakifundisha matumizi ya programu za ofisini walitakiwa ghafla kufundisha uandishi wa programu. Mitandao ya walimu wenyewe ilibeba mzigo mkubwa, na mwaka 2018 serikali ilianzisha kituo cha kitaifa cha elimu ya kompyuta kwa fungu la pauni milioni 84.

Kwa walimu watano wa shule jirani, hatua ya kwanza haihitaji fungu la namna hiyo. Wakutane kituo cha walimu Jumamosi moja, wakubaliane swali moja, hata lile la mistari mitatu. Kila mmoja akalitoe darasani kwake na kukusanya majibu yaliyokosewa. Baada ya wiki mbili warudi na makaratasi hayo, wayapange mezani kwa aina ya kosa, na waanze kuulizana.