Paa wa jaani: ni nani hasa anayemfikisha kijana kwenye hazina?

Jumamosi iliyopita, katika kundi la usomaji ninaloliongoza mtaani Makadara, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza jambo ambalo halijaniondoka. Alikuwa amemaliza riwaya iliyotafsiriwa kuhusu kijana anayefunga safari kutafuta hazina, na kila anapofika anakuta mtu mzima wa kumwelekeza. "Mwalimu," akasema, "mimi nikitoka kwetu, hao wazee nitawatambuaje?"

Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa muda wetu ulikuwa umekwisha, na sikuridhika na jibu langu. Fasihi simulizi ndiyo kazi yangu, na kijana huyu aliligusa jambo lililo moyoni mwa ngano za aina hii. Naomba nimjibu upya hapa.

Ngano yenyewe ni ya kale. Katika Alfu Lela Ulela kuna tajiri wa Baghdad aliyefilisika, akaota sauti ikimwambia riziki yake iko Kairo. Akaenda. Usiku wa kufika akalala msikitini, na usiku huohuo wezi wakavunja nyumba ya jirani. Askari walipokuja wakamkuta yeye. Akapigwa nusura afe, akatiwa gerezani. Wali, yaani mkuu wa askari wa mji, alipomhoji na kuisikia ile ndoto, alicheka mpaka magego yakaonekana. "Mimi nimeota mara tatu," akamwambia, "kwamba huko Baghdad kuna nyumba yenye bustani na chemchemi, na chini ya chemchemi kuna mali, wala sikwenda. Wewe umekuja huku kwa ndoto tu!" Akampa dirhamu za kumrudisha kwao. Mgeni wetu akaitambua nyumba iliyotajwa: ni yake mwenyewe. Akarudi, akachimba, akapata.

Jalaluddin Rumi, mshairi wa Kiajemi aliyefariki mwaka 1273, alikitia kisa hiki katika utenzi wake mrefu, Mathnawi. Waingereza wanacho chao, cha mchuuzi wa Swaffham anayekwenda kusimama kwenye daraja la London, na Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanacho cha maskini wa Kraków anayekwenda mpaka daraja la Prague. Nchi zinabadilika, majina yanabadilika, lakini yule anayetaja mahali pa hazina ni yuleyule: mtu anayemwona msafiri mjinga, na asiyejua kwamba ametoa siri.

Ndiyo maana huwa nasikitika ninapowasikia wahamasishaji wa hapa mjini wakiitumia ngano hii kuwaambia vijana wafuate ndoto zao, basi. Wanakiruka kipigo, wanakiruka kicheko cha wali. Ndoto ilimfikisha yule mtu gerezani tu. Kilichomfikisha kwenye mali ni kumsikiliza mtu aliyekuwa akimcheka, akamsikiliza hadi neno la mwisho.

Mtafiti Mrusi Vladimir Propp, katika kitabu chake cha mwaka 1928, alizichambua ngano za ajabu za kwao akapata matendo 31 na majukumu saba ya wahusika. Wanafunzi hupenda kuyakariri. Mimi huwaomba watazame jukumu moja, la mtoaji: yule anayekutana na nguli, yaani shujaa wa ngano, njiani, akamjaribu, ndipo akampa kitu. Kumjaribu kunatangulia kutoa, na nguli mara nyingi hajui kama anajaribiwa.

Hakuna ngano inayolionyesha hilo vizuri kuliko moja ya kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji. Humo mna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, sarafu ndogo. Anapita mtu anayeuza paa. Watu wanamwambia muuzaji asijisumbue na fukara yule, naye Hamdani anatoa thumuni yake yote na kununua paa mmoja. Majirani wanamcheka: huna chakula chako, utamlisha nini?

Yule paa anasema. Anaomba ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho, na kila jioni anarudi. Siku moja anafukua almasi, anaifunga kwa majani, lakini hampelekei bwana wake. Anakimbia nayo kwa Sultani Darai, anaitoa kama zawadi ya bwana mkubwa, kisha anamposea bwana huyo binti wa Sultani. Kisha anamkalisha Hamdani kijitoni na kupeleka habari kwamba bwana ameporwa na wezi njiani, ili aletewe nguo za heshima. Anakwenda mbele, anaua joka lenye vichwa saba, na jumba la joka linakuwa la Hamdani. Katika safari hii yote Hamdani hana alilofanya isipokuwa kumnunua mnyama na kumtii.

Kisha paa anaugua. Anamtuma kizee wa nyumba amwambie bwana. Hamdani, aliyekwisha kuzoea hariri, anajibu: mpikieni uji wa mtama. Mke wake analia na kumsihi, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Sultani Darai anapopata habari anakuja mwenyewe, anashuka kisimani, anamtoa, anamzika kwa matanga. Usiku ule binti wa Sultani anaota yuko kwao, na akiamka yuko kwao. Hamdani anaota yuko jaani anachakura, na akiamka yuko jaani.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado hunishika koo. Uji wa mtama ni chakula cha jaani. Hamdani alimrudishia mwalimu wake umaskini uleule ambao mwalimu huyo alimtoa humo. Msimulizi hakuhitaji kutuma mashetani kuchukua jumba. Jumba lilisimama juu ya mgongo wa paa.

Katika mkusanyo huohuo kuna Hasibu, anayeachwa shimoni na wenzake na kuokolewa na Sultani wa Nyoka. Baadaye anamsaliti, na yule nyoka, akijua anakwenda kuuawa, bado anamfundisha ni maji yapi ya mchemsho wa mwili wake ayanywe na yapi ampe waziri aliyetaka nyoka huyo auawe. Wasimulizi wetu waliamini kwamba mwalimu anaweza kuwa mwema kuliko mwanafunzi anavyostahili.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Swali lake lilikuwa atawatambuaje. Wali hakuvaa kilemba cha busara, paa alinunuliwa kwa thumuni, nyoka alikuwa nyoka. Katika ngano hizi hakuna mshauri anayetambulika kwa kumtazama. Kwa hiyo, ndugu yangu, naona ungeuliza hivi: huyo aliyenielekeza jana, leo nimempikia nini? Nilikuona ukitoka mlangoni bila kumuaga mlinzi, yule anayekuwekea kiti karibu na dirisha tangu mwaka ulipoanza. Jumamosi ijayo tunasoma kisa cha Hasibu. Njoo mapema.