Mbona akiwa peke yake ni mpole?

Wazazi wakija kwetu ustawi wa jamii wimbo ni uleule, "mwanangu mpole jamani, makundi ndo yamemharibu", na mara nyingi hawadanganyi. Dogo huyohuyo ukimkuta peke yake anakupa shikamoo safi kabisa, ila usiku akiwa na wenzie kumi na panga mbili mtaa mzima unafunga milango. Dar tuliliona hili mapema Januari 2015, uvumi wa panya road, yale magenge ya vijana wa mapanga, ulivyotembea watu wakafunga maduka wakakimbilia ndani na wengine hata hawajui wanamkimbia nani.

Sasa sosholojia haiulizi huyu mtoto ana nini, inauliza pale kijiweni kuna nini. Chicago huko Marekani, wanasosholojia Clifford Shaw na Henry McKay walichukua anwani za watoto waliofikishwa mahakamani wakazichora kwenye ramani, wakakuta mitaa ileile chakavu jirani na katikati ya mji inaongoza miaka nenda rudi, na wakazi wameshahama wameingia wengine kabisa. Kwahiyo sio kabila wala damu, ni mtaa wa watu wa kuhamahama ambao hamna anayemjua mtoto wa jirani, nani atamkemea? Na kwenye kesi za 1928 walizopitia, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 walifanya kosa wakiwa na wenzao.

Mwanasosholojia mwingine, Albert Cohen, mwaka 1955 akaja na hoja ya heshima: shule inawapima wote kwa rula moja, waliofeli wanakutana kijiweni wanaigeuza hiyo rula, anayethubutu ndo mwamba.

Ila wasikudanganye kwamba hawajui kosa ni kosa. Wanajua, ndo maana wana visingizio, na wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walishavipanga tangu 1957, mi navisikia karibu kila wiki kwa Kiswahili cha mtaani: "mi nilikuwepo tu", "yule ana hela bwana, simu moja haimuumizi", "kwani mapolisi wenyewe hawali rushwa?" Kigumu kuliko vyote ni kile nilichopewa na kijana mmoja nilipomuuliza mbona hukuondoka wenzio walipoanza kukaba, akanishangaa kweli, "ningewaacha vipi wanangu?"

Siku hizi nikiletewa kijana siulizi kwanza umefanya nini, naanza na ulikuwa na nani, na huwa mnakaa wapi.