Jamani, hiyo ya Pugu sio pilipili manga

Jumapili asubuhi naamshwa na picha nne za WhatsApp. Mmea umetambaa chini ya miti halafu ukaparamia shina, majani ya kijani yanang'aa, vitunda vyekundu. "Kaka, pilipili manga imejaa msituni huku Pugu, tunapigaje hela?" Mwezi huu tu huyu ni wa tatu, nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Hiyo ni Culcasia, ukoo mmoja na magimbi. Na wewe unayesema ni mani planti iliyotoroka bustanini, mani planti ina upungufu wa jiberelini (homoni ya mimea), yenyewe haitoi maua, sasa matunda itayatoa wapi? Tuendelee.

Kinachoniudhi ni huo wekundu. Pilipili manga ikiivia mtini nayo ni nyekundu! Ile nyeusi unayopimiwa Kariakoo ilichumwa ya kijani ikaanikwa, kwahiyo rangi haikwambii kitu hapa. Angalia vitunda vimekaaje: vya pilipili vinaning'inia kwenye kishada kirefu chembamba, kinatokea kwenye kifundo mkabala na jani, vya Culcasia vimebanana kwenye kigunzi kifupi, kama gunzi la hindi la mtoto kuchezea. Halafu geuza jani. La pilipili mishipa mikubwa kama mitano hadi saba inaanzia karibu na kikonyo, inapinda kuelekea nchani, lile lingine lina mshipa mmoja wa kati na mingine inatoka pembeni kama mbavu za samaki. Mizizi achana nayo, zote mbili zinashika miti.

Kuna ile ya kuinua jani juani utafute vistari na vidoa vinavyopitisha mwanga, nilifundishwa ni dalili ya Culcasia, ila pilipili nazo zina vidoa vya mafuta na mimi macho yangu siyaamini hapo. Na mche mchanga usio na tunda, kusema kweli, unanishinda. Nilishawahi kuuita pilipili mwitu mbele ya wanafunzi, nikafikicha jani niwanusishe, wapi, linanukia majani tu.

Kufikicha na kunusa sawa, kuonja hapana. Ukoo huo una vifuwele kama sindano, ndio maana magimbi mabichi yanawasha. Huyo wa Jumapili namwandikia hivyo, ananijibu kwa voisi, maneno hayatoki vizuri: "Kaka, mbona ulimi umekufa ganzi?"