Neno la siri halifungi diski

Wafanyakazi wengi wanaosafiri na kompyuta mpakato za ofisi kati ya Unguja na Pemba wanaamini kuwa neno la siri linatosha: hata ikiibiwa bandarini Malindi au Mkoani, mwizi hasomi kitu. Si kweli. Neno la kuingilia Windows linafunga mlango wa mfumo tu. Kwenye kompyuta nyingi, mtu mwenye bisibisi anafungua kifuniko cha chini, anachomoa diski, yaani kifaa kinachohifadhi mafaili yote, na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Mishahara, mikataba, nakala za pasipoti za wageni wa hoteli, vyote anavyo.

Kinachomzuia ni usimbaji fiche wa diski nzima, unaovuruga kila kilichohifadhiwa kisisomeke bila ufunguo. Windows Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault, bila malipo ya ziada. Ufunguo wa akiba wa BitLocker, wenye tarakimu 48, ubaki ofisini. Inasikitisha sana kuukuta kwenye karatasi ndani ya mkoba uleule. Na kabla ya kupanda boti, zima kompyuta kabisa. Ukifunika skrini tu, inasinzia huku ufunguo ukiwa bado umo kwenye kumbukumbu yake ya muda (RAM).