Safu ya kinga haitegemei raundi ya kwanza pekee
Wapo mashabiki wa futiboli ya Marekani wanaoamini kwamba timu ambayo safu yake ya kumkinga mrusha mpira imeyumba haina budi kutafuta dawa katika raundi ya kwanza ya drafti, zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, raundi baada ya raundi. Februari 2021 Kansas City Chiefs, wakiwakosa walinzi wote wawili wa pembeni wa safu hiyo kwa majeraha, walichapwa 31-9 na Tampa Bay, mrusha mpira wao Patrick Mahomes akirusha hata alipokuwa anaanguka. Chaguo lao la raundi ya kwanza waliipa timu ya Baltimore ili wampate Orlando Brown, mchezaji mzoefu wa safu hiyo. Kisha, kwa safu hiyohiyo, wakamteua kwenye drafti Creed Humphrey akiwa wa 63 kuchaguliwa, na Trey Smith, aliyekwepwa na wengi kwa sababu ya damu kuganda mapafuni, akiwa wa 226. Chipukizi hao wawili walianza mechi zote 17 za msimu huo.